Hakuna kilichoota: namna maabara inavyomsaka bakteria wa homa ya uti wa mgongo kwa mtoto

Mama aliyekaa wodini siku nne na mtoto wa miezi minane hatimaye anaonyeshwa jibu la maabara. Karatasi ina mistari kadhaa, lakini muuguzi anamsomea mmoja tu: hakuna kilichoota. Mama anauliza, na ana haki ya kuuliza, kama hakuna kilichoota mbona mwanangu bado anachomwa sindano asubuhi na jioni?

Nimefanya kazi ya maabara hapa Mwanza kwa miaka kadhaa, na swali hilo limenifuata hadi nyumbani. Shemeji yangu anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba aliniuliza vivyo hivyo baada ya mtoto wa jirani yake kulazwa, tena kwa ukali, kana kwamba mimi ndiye niliyemficha huyo mdudu. Nilimjibu kwa kifupi na hakuridhika. Jibu refu ni hili.

Jina la ugonjwa limewapotosha wengi. Homa ya uti wa mgongo si maradhi ya mgongo, na mtoto anaweza kuwa nayo asilalamikie mgongo hata kidogo. Ubongo na uti wa mgongo vimevikwa tando tatu, na kati ya tando mbili za ndani hupita maji yanayoukinga ubongo usigongwe na fuvu. Bakteria kwa kawaida huanzia puani na kooni, ambako watoto wengi wazima huwa nao bila kuugua. Siku moja hupenya kwenye damu, na kutoka kwenye damu huingia katika yale maji. Huko hukuta chakula cha kutosha na askari wa mwili wachache, kwa hiyo huzaana haraka. Askari wakishafika, vita yenyewe huumiza: tando huvimba, shinikizo ndani ya kichwa hupanda, mishipa midogo ya damu huziba.

Tumefundishwa kuangalia shingo iliyokaza. Kwa mtoto mkubwa ni sawa. Kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka na nusu, shingo inaweza kuwa laini kabisa huku ubongo unaungua. Huyu utamjua kwa kukataa ziwa, kulala kusiko kwa kawaida, kilio chembamba kinachozidi akibebwa badala ya kupungua, utosi uliotuna, kutapika, degedege. Sasa soma tena orodha hiyo ukiwa na akili ya mtu wa Kanda ya Ziwa. Si karibu yote ni dalili za malaria kali?

Hapo ndipo watoto wengi wanapotupotea. Kipimo cha haraka cha malaria kinasoma chanya, na kila mtu anashusha pumzi: tumempata mchawi. Lakini kwenye maeneo yenye malaria nyingi mtoto anaweza kuwa na vimelea vya malaria kwenye damu na bakteria kwenye maji ya uti wa mgongo kwa wakati mmoja. Malaria chanya haifuti homa ya uti wa mgongo. Mtoto mwenye degedege asiyezinduka vizuri anahitaji maswali yote mawili yaulizwe, na la pili haliwezi kujibiwa na tone la damu la kidoleni.

Sindano inayoogopwa

Linajibiwa kwa maji yenyewe, na njia ya kuyapata ni kuingiza sindano kiunoni. Daktari Mjerumani Heinrich Quincke aliieleza mbinu hii mwaka 1891, na hadi leo haijapata mbadala wa kweli. Huku kwetu sifa yake ni mbaya. Utasikia kwamba inalemaza, inamaliza maji ya mgongo, mtoto akichomwa tu basi andaa sanda.

Siwacheki wanaosema hivyo. Wanasema walichokiona: mtoto amechomwa leo, kesho amefariki. Ila wanaochomwa sindano hii ni wale ambao tayari hali zao ni mbaya, na ugonjwa wenyewe unaua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika watu 6 wanaopata homa ya uti wa mgongo ya bakteria, mmoja hufa. Kuhusu kulemaa, uti wa mgongo haushuki hadi chini kabisa ya mgongo. Kwa mtu mzima unaishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, kwa kichanga chini kidogo, karibu na ya tatu. Sindano huingia chini ya hapo, usawa wa mifupa ya nyonga, mahali ambapo kuna nyuzi za mishipa ya fahamu zinazoelea kwenye maji na kusogea zikiguswa. Na maji hayaishi: mtu mzima ana mililita 150 hivi, lakini mwili hutengeneza karibu 500 kila siku. Kwa mtoto tunaomba mililita chache tu.

Kuna nyakati sindano haifai. Dalili za shinikizo kubwa kichwani, hali iliyoyumba sana, damu isiyoganda, kidonda kwenye ngozi ya mahali pa kuchoma: daktari akiona mojawapo ataahirisha. Dawa lakini haiahirishwi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2025 unataka maji yachukuliwe mapema iwezekanavyo, ikiwezekana kabla ya dawa, na bila kuichelewesha dawa.

Maji yakifika mezani

Kabla ya mashine yoyote kuna jicho. Maji mazima ni angavu kama maji ya chupa. Yenye usaha mwingi hufanana na maji yaliyooshewa mchele. Mtu wa maabara akiona rangi hiyo huacha alichokuwa akifanya. Yakiwa mekundu, huenda sindano imetoboa mshipa njiani, na hilo linatuharibia hesabu zinazofuata. Lakini usidanganywe na uangavu: inahitajika chembe nyeupe, wale askari wa mwili, zipatazo 200 au zaidi katika kila mikrolita ndipo jicho lianze kuona ukungu, ilhali mtoto aliyekwisha kuvuka uchanga hatakiwi kuwa na zaidi ya 5 hivi. Kati ya 5 na 200 kuna ugonjwa mwingi usioonekana.

Ndiyo maana tunahesabu. Chembe zikiwa mamia au maelfu, na nyingi zikiwa za aina ya nyutrofili, wale askari wa mstari wa mbele, bakteria anashukiwa. Zikiwa nyingi za aina ya limfositi tunafikiria virusi, au kifua kikuu cha ubongo hasa kama mtoto ameugua taratibu kwa wiki. Protini hupanda kwa sababu tando zinavuja. Sukari hushuka kwa sababu inaliwa huko ndani na pia haiingii vizuri kutoka kwenye damu. Sukari ya maji haisomwi peke yake, hulinganishwa na ya damu iliyopimwa saa hiyohiyo. Kwa kawaida ile ya maji huwa kama theluthi mbili ya ya damu. Mtoto mwenye malaria kali ambaye sukari ya damu imeporomoka, ya maji nayo itakuwa chini bila bakteria yeyote kuhusika. Nimeshaona fomu nyingi ambazo sukari ya damu haikupimwa, na hapo namba ya kwenye maji inabaki kama nusu ya sentensi.

Yote hayo yanasema kuna vita. Hayasemi adui ni nani.

Rangi ya Gram ndiyo ya kwanza kujaribu kumtaja. Hans Christian Gram, Mdenmark aliyekuwa Berlin, aliitoa mwaka 1884 akichunguza mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia. Unapaka tone kwenye slaidi, likikauka unamwaga rangi ya zambarau, kisha iodini, kisha pombe kwa sekunde chache, mwisho rangi nyekundu. Bakteria wenye ukuta mnene hushikilia zambarau hata pombe ikipita, wenye ukuta mwembamba huoshwa wakabaki na wekundu wa waridi. Kazi ya dakika chache, gharama ndogo, na kwa lenzi ya mafuta unaweza kuona haya: punje mbili mbili za zambarau zilizochongoka ncha za nje, huyo huenda ni Streptococcus pneumoniae, mdudu wa nimonia. Punje mbili za waridi zinazotazamana kama buni za Bukoba, mara nyingi zikiwa zimemezwa ndani ya chembe nyeupe, huyo ni Neisseria meningitidis. Vijiti vidogo vya waridi visivyo na umbo moja vinatupeleka kwa Haemophilus influenzae aina ya b, ambaye wengi tunamjua kwa kifupi cha Hib.

Huyu wa mwisho ana jina la makosa. Mwaka 1892 Mjerumani Richard Pfeiffer alimkuta kwa wagonjwa wa mafua makali yaliyokuwa yameenea duniani, akamdhani ndiye anayeyaleta. Kirusi halisi cha mafua ya binadamu kilipatikana 1933, lakini bakteria akabaki na jina lake. Kila nikiliandika kwenye fomu nakumbuka kwamba hata kumwona mdudu hakutoshi kumhukumu.

Hao watatu ndio wanaotafutwa kwanza kwa mtoto aliyevuka mwezi wa kwanza au wa pili. Kichanga ana maadui wengine: Escherichia coli, Klebsiella, streptokoki wa kundi B. Tafiti zilizofanywa Bugando, hospitali ya rufaa ya hapa Mwanza, kwenye damu za vichanga zimemkuta Klebsiella mara kwa mara, na wengi wao ni wale wenye uwezo wa kuvunja dawa kama seftriaksoni. Afrika kuna pia Salmonella wasio wa taifodi, ambao kwa mtoto mdogo huweza kufika kwenye ubongo na hupenda kurudi baada ya tiba. Kwa hiyo umri ulioandikwa juu ya fomu ni sehemu ya kipimo.

Udhaifu wa slaidi ni kwamba bakteria wanapaswa kuwa wengi, kama laki moja katika kila mililita, ndipo uwaone. Wachache watakuwepo na usiwaone. Kuzungusha maji kwenye mashine ili wadudu wajikusanye chini ya chupa kunasaidia, ila tunapoletewa matone kumi hatuna cha kuzungusha.

Kuotesha, yaani kumlisha ajitokeze

Kuotesha ndicho kipimo ambacho jibu lake mama yule alisomewa. Wazo ni rahisi: tone linapakwa kwenye sahani yenye chakula, linawekwa kwenye joto la nyuzi 35 hadi 37, na bakteria mmoja aliye hai anazaana hadi kuwa kundi linaloonekana kwa macho. Lakini hawa wetu wanadeka. Haemophilus hataki damu ya kawaida. Anahitaji vitu viwili vilivyofungiwa ndani ya chembe nyekundu, kwa hiyo damu hupashwa moto hadi chembe zipasuke na sahani igeuke hudhurungi. Tunaiita sahani ya chokoleti ingawa haina chokoleti. Damu yenyewe ni ya kondoo, na ukimwona kondoo anatunzwa nyuma ya maabara usidhani anasubiri sikukuu. Bakteria hawa wanataka pia hewa yenye kaboni dioksidi zaidi ya hii tunayovuta. Pasipo na mashine ya kisasa, sahani huwekwa kwenye mtungi pamoja na mshumaa unaowaka, kifuniko kinabanwa, mshumaa unazimika wenyewe ukiwa umeacha hewa wanayoipenda.

Asubuhi tunasoma. Vikundi vidogo vilivyozungukwa na ukijani kwenye sahani ya damu vinaonyesha mdudu wa nimonia. Tunaweka kijikaratasi chenye dawa iitwayo optokini, na kama ni yeye, pembeni mwa kijikaratasi hataota. Halafu tunampima kwa antibiotiki kujua ipi inamweza. Hii ndiyo zawadi ambayo kuotesha peke yake huitoa: si jina tu, na udhaifu wake pia. Sahani ambayo haijaota hurudishwa kwenye joto, ikasomwa tena siku ya pili, pengine ya tatu.

Sasa, kwa nini zisiote?

Nikiwa mwanafunzi, kwenye maabara ambayo sitaitaja, tulipokea chupa ya maji ya uti wa mgongo iliyolala kwenye friji usiku kucha. Aliyeihifadhi alikuwa mtu mwangalifu. Alijua mkojo huwekwa kwenye friji usiharibike, akaona maji haya ni ya thamani zaidi basi yastahili friji zaidi. Bakteria hawa watatu hufa kwa baridi. Yale maji yalikuwa ya rangi ya mchele uliooshwa, chembe nyeupe zilijaa darubini nzima, na sahani zilibaki safi kama zilivyotoka kiwandani. Maji ya kuotesha hukaa kwenye joto la kawaida la chumba na yanatakiwa kufika maabara ndani ya saa moja hivi.

Hilo ni kosa na linarekebishika. Sababu kubwa zaidi si kosa. Fikiria mtoto wa kisiwa cha Ukerewe aliyeanza homa Jumatatu. Duka la dawa likampa amoksilini, akanywa siku mbili. Jumatano akapata degedege, wakapita kwa mganga kwanza, jioni wakafika zahanati. Pale wakamchoma dozi ya kwanza ya antibiotiki kabla ya kumwandikia rufaa, na walifanya sawasawa kabisa, kwa sababu mwongozo unawataka hivyo na bila dozi hiyo huenda asifike. Kisha kivuko kutoka Nansio, kisha bodaboda au gari kupanda kilima cha Bugando. Sindano ya mgongo inachomwa usiku wa manane. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba baada ya antibiotiki ya kwenye mshipa, Neisseria meningitidis aliweza kutoweka kwenye sahani ndani ya saa 2, na mdudu wa nimonia akaanza kutoweka ndani ya saa 4. Watu wa Sengerema, ng'ambo ya ziwa, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025, hawasubiri tena kivuko pale. Visiwa bado vinasubiri.

Dozi iliyookoa maisha ndiyo iliyotufumba macho. Sioni namna ya kulaumu upande wowote hapo, isipokuwa ile amoksilini ya nusu dozi ya dukani, ambayo haikumtibu mtoto na bado ikatuharibia sahani.

Ila antibiotiki haiwezi kufuta kila alama. Chembe nyeupe zilizokwisha kuingia hubaki siku kadhaa. Protini hubaki juu. Na mizoga ya bakteria inabaki na vinasaba vyake. Kipimo cha PCR hutafuta hivyo: huchukua kipande cha kinasaba ambacho ni cha mdudu mmoja tu, kwa mfano kile kiitwacho lytA cha mdudu wa nimonia, na kukirudufisha mara mamilioni hadi mashine ikione. Hakijali kama mdudu yu hai au amekufa, amelala kwenye friji au la. Kwa watoto wetu wanaofika wakiwa tayari wamechomwa dawa, ndicho kipimo kinachoweza kutaja jina baada ya sahani kushindwa. Kasoro zake ni bei, mashine, na kwamba huona tu kile kilichotumwa kukiona: ukitafuta wale watatu, Klebsiella atapita mbele yake bila kusalimiwa. Wala hakikwambii dawa ipi itamweza.

Turudi kwenye karatasi ya yule mama. Juu ya mstari aliosomewa kuna mingine. Mwonekano: ukungu. Chembe nyeupe: tuseme 900, nyingi nyutrofili. Sukari: theluthi moja ya ile ya damu. Protini: juu. Slaidi: hakuna bakteria aliyeonekana. Kisha ndipo: hakuna kilichoota. Daktari akiisoma yote anaona mtoto mwenye homa ya uti wa mgongo ya bakteria aliyeanzishiwa dawa kabla ya kuchukuliwa maji. Sindano zinaendelea, na kwa sababu jina halijulikani inambidi atibu kana kwamba ni yule mbishi zaidi anayewezekana kwa umri huo.

Na hapo jina lingesaidia sana. Kwa kawaida Neisseria hutibiwa siku 5 hadi 7, Hib 7 hadi 10, mdudu wa nimonia 10 hadi 14, na kichanga mwenye kina Klebsiella si chini ya 21. Tofauti ya wiki mbili wodini kwa familia ya mvuvi ni mtaji wa nyavu. Wenzake wa nyumbani nao wanategemea jina: akiwa Neisseria, waliolala naye chumba kimoja hupewa dozi ya dawa ya kuwakinga, akiwa mdudu wa nimonia hawahitaji.

Jina linahitajika pia na watu wa chanjo. Tanzania iliingiza kinga ya Hib kwenye chanjo ya watoto mwaka 2009, na chanjo ya nimonia ilizinduliwa Desemba 2012. Zote mbili watoto huchomwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Hiyo ya nimonia ilikuja na kinga ya aina 13 za mdudu ambaye aina zake zinazojulikana zimepita 100. Ili kujua kama wanaougua sasa wanaugua aina zilizo nje ya chanjo, lazima mtu amtaje mdudu, na amtaje mpaka aina yake. Kila sahani isiyoota ni ukurasa mtupu kwenye daftari hilo.

Kuna jambo moja ambalo halingoji jina. Katika watu 5 wanaopona homa ya uti wa mgongo ya bakteria, mmoja hubaki na madhara ya kudumu, na usikivu ndio unaoathirika mara nyingi, hasa akiwa ni mdudu wa nimonia. Mtoto wa miezi minane hawezi kukwambia kwamba haisikii tena redio ya jirani. Atacheka ukimchekea, atageuka mlango ukifunguliwa na mwanga ukaingia, na familia itasema amepona. Masikio yanatakiwa kupimwa kabla hajaruhusiwa au ndani ya wiki chache baadaye, na mara nyingi hakuna anayelisema mpaka mzazi aulize. Mtoto wa jirani wa shemeji hakupimwa. Alikuwa na miaka miwili walipogundua kwamba anaitika pale tu anapomwona anayemwita.